Gari Langu na Mikono ya Fundi

Katika miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa na motokaa yenye mbio kuliko yoyote iliyomilikiwa na Mwafrika kati ya Usa na Ngaramtoni, pande zetu za Arusha, na sikuwa na hamu ya kwenda popote.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa mgombani kwa mama, juu ya Tengeru, nikapelekwa sekondari, na nilipomaliza nikarudi mgombani upesi kabla hawajabadili mawazo. Nikapata kazi ya ukarani katika ghala la kahawa, mahali nilipoweza kufika kwa miguu huku chai ya asubuhi bado ina joto tumboni. Wenzangu waliota Dar es Salaam na Makerere. Mimi niliota kiti changu cha barazani, na mara nyingi nilikiota nikiwa nimekikalia. Sasa mtu wa namna hiyo anatafuta nini katika gari la viti viwili, lisilo na paa ila turubai, lenye boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu?

Nilikwenda kununua meza. Mlowezi mmoja wa Usa alikuwa akirudi kwao na anauza vyombo vya nyumba, na kahawa ilikuwa imetutendea wema msimu ule. Nikaingia bandani kwake kutazama meza ya mninga, na nyuma ya meza nikaliona. Rangi ya krimu. Viti vya ngozi nyekundu. Magurudumu ya spoki kama ya baiskeli. Taa mbili za mbele zikanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Meza sijainunua mpaka leo.

Kulitunza ndiko kulikokuwa starehe yangu. Kila Jumamosi, tukishafunga ghala, nilivaa kaptula kuukuu nikachota maji mferejini. Maji ya mfereji yana mchanga, na mchanga unakwaruza rangi, kwa hiyo niliyachuja kwa kichujio cha mama cha pombe ya ndizi. Mama aligundua. Alinipikia ndizi bila chumvi siku tatu. Spoki nilizisugua moja moja kwa mswaki. Viti nilivipaka mafuta ya ng'ombe ili ngozi isipasuke, na mbwa wa majirani wote wakanipenda ghafla. Kila kitu kikishang'aa, niliwasha, nikateremka taratibu mpaka barabara kubwa, nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikageuza, nikarudi nyumbani, nikaliosha tena kwa sababu lilikuwa limepata vumbi.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mimi nilikuwa na furaha, na ningeendelea kuwa nayo, kama gari lisingekuwa na siku zake za kukohoa.

Lilipokohoa nililipeleka mjini kwa fundi. Alikuwa Singasinga, kijana wa rika langu, aliyezaliwa Arusha ileile na mwenye karakana nyuma ya maduka ya Wahindi wenzake. Mrefu, ana kilemba cha buluu, na mikono ambayo, hata ikiwa imejaa grisi, sijui nisemeje, ilikuwa na adabu. Alijua kumwamkia mama yangu kwa Kimeru. Mama alikuwa akimpelekea mkungu wa ndizi kila nikishuka mjini, na kuniuliza nikirudi, "Hajambo yule mtoto?" Mimi mwenyewe hakuwahi kuniuliza kama sijambo.

"Bwana karani," fundi alisema siku ya kwanza, "limekufanyia nini?"

"Linakohoa. Na asubuhi haliwaki mpaka nilibembeleze."

"Unalibembeleza vipi?"

Nilimweleza: navuta waya wa choki, ule wa kuwashia injini ikiwa baridi, nakanyaga mafuta mara tatu, nasubiri, nasema nalo kidogo. Akaitikia kwa heshima. Kisha akaketi kwenye kiti changu, akagusa kibonye cha stata kwa kidole kimoja, na gari likawaka palepale. Halikukohoa hata mara moja. Lilinguruma kwa raha, kama paka aliyerudishwa kwa mwenyewe.

Wivu wangu ulianza dakika ile; naikumbuka kama watu wanavyokumbuka siku walipong'olewa jino.

Alikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, urefu wa mkono. Gari lile lilikuwa na kabureta mbili, na lazima zivute hewa sawasawa. Mafundi wengine walikisia. Yeye aliweka ncha moja ya mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akafumba macho akasikiliza. Kisha ya pili. Akageuza skrubu unywele mmoja, akarudi kusikiliza. Ungemwona ungedhani gari linamwambia siri, na mimi mwenye gari nimesimama pembeni na kofia mkononi, kama baba mkwe aliyesahauliwa.

"Linasema nini?" niliuliza, kwa dhihaka.

"Linasema linachoka kwenda polepole," akajibu bila kufumbua macho.

Halafu kukawa na jambo la kujaribu. Fundi akitengeneza gari lazima alijaribu, si ndiyo? Lakini mafundi wengine walijaribu mpaka kwenye mnara wa saa wakarudi. Huyu alijaribu mpaka Ngaramtoni. Nilijua kwa sababu kina mama wa kwetu waliokwenda sokoni kule walirudi na habari.

"Tumeliona gari lako," mmoja aliniambia, amejitwisha kapu. "Lilipita pale kwenye mnada wa ng'ombe, vumbi likapanda mpaka mbinguni. Kumbe linakimbia hivyo! Sisi tulidhani ni la kuoshwa tu."

Nilikwenda ndani nikajilaza.

Basi ndipo mdogo wangu alipopata mchumba. Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya kati. Mchumba alikuwa muuguzi, mtoto wa Waarusha wa kule Ngaramtoni, Walutheri kama sisi. Harusi ingekuwa kanisani kwetu, huku juu, na bibi harusi angetoka kwa baba yake asubuhi, apite mjini, aje mpaka kanisani. Maili kumi na tano hivi. Mdogo wangu akaja kunikuta barazani Jumapili jioni, akakaa, akajifanya anatazama mlima.

"Kaka, nataka bibi harusi aje na gari lako."

Moyo ulinipanda. Nilijiona nimevaa suti, mkono mmoja kwenye usukani, watu wamesimama pande zote mbili za barabara. "Hilo hata usiombe," nikasema. "Nitamleta."

Akakuna shingo. "Ndiyo. Ila nilikuwa nafikiri, fundi ndiye aendeshe."

"Fundi yupi?"

"Kaka, usinifanye nicheke. Wewe ukitoka nyumbani kwenda barabara kubwa kwa gari, mimi nikitembea kwa miguu tunafika pamoja. Na likikohoa njiani je? Nitasimama mbele ya mchungaji na nani?"

"Gari ni langu."

"Sikatai. Na mke ni wangu."

Mama, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, akasema kwa sauti ya kutotaka ugomvi, ambayo ndiyo iletayo ugomvi, "Yule mtoto wa Kisingasinga anaendesha vizuri. Aliwahi kunirudisha kutoka mjini. Hata sikumwaga maziwa."

Sikujua kwamba aliwahi kumrudisha. Katika kiti kile. Kiti ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kumpakiza mama, kwa kuogopa vumbi la viatu vyake.

Nikasema tutaona. Moyoni niliapa kwamba siku ya harusi usukani utashikwa na mimi, hata kama nitaanza safari siku ya kuamkia.

Wiki ya harusi ilipofika, nililipeleka gari karakana Jumatatu likaandaliwe, nikamwambia fundi asilijaribu mbali. Jumatano nilitoroka ghalani nikashuka mjini kuona. Nilimkuta amekaa ndani ya gari, injini imezimwa, hafanyi kazi yoyote. Amekaa tu. Mkono mmoja juu ya usukani, kichwa amekiegemeza nyuma, na kiti changu amekisukuma mpaka mwisho ili miguu yake mirefu ipate nafasi.

Ningemkuta anaiba plagi ningemsamehe.

"Limekwisha?" niliuliza.

Akashtuka, akatoka akitabasamu kwa aibu. "Bado kabureta moja, bwana karani. Niachie mpaka kesho."

"Nalichukua sasa."

"Litakohoa."

"Likohoe."

Nilirudisha kiti mbele kwa hasira nikajibana kidole, nikaondoka. Na likakohoa kweli, kuanzia daraja la Themi mpaka Tengeru, kama mzee aliyeingiwa na moshi wa jikoni.

Nyumbani nikafikiri: nikiliacha uani, mdogo wangu atamwita fundi aje alimalize, na akishalimaliza ataliendesha. Lazima lisionekane. Nikalisukuma mgombani, mbali na njia, katikati ya migomba minene, nikakata majani mabichi na vipande vya magome ya mgomba nikalifunika lote, toka taa mpaka mkia. Safu juu ya safu. Lilikuwa na kivuli, halina vumbi, na hakuna jicho lingeliona. Nilijipongeza. Nikaenda kulala usingizi wa mtu mwenye akili.

Naomba msomaji asiyetoka kwenye ndizi anivumilie, maana wanaotoka kwenye ndizi wameshaanza kucheka. Mgomba ukikatwa unatoa utomvu. Ukiutazama ni kama maji, lakini ukikauka juu ya kitu unageuka rangi ya kahawia, na hapo hautoki. Kila mtoto wa kwetu ana shati lililoharibika hivyo, na kila mtoto wa kwetu amechapwa kwa shati hilo. Mimi nilichapwa kwa matatu. Na bado, kwa mikono yangu, nilikuwa nimechukua gari la rangi ya krimu nikalimwagia utomvu wa mgomba, toka taa mpaka mkia.

Nililifunua Alhamisi jioni. Boneti ilikuwa na michirizi kama pundamilia aliyeoshwa vibaya. Mlango wa kushoto ulikuwa na alama nzima ya jani, na mishipa yake yote, imechorwa vizuri kuliko kitabuni. Nilisugua kwa limau. Nilisugua kwa majivu, kisha mafuta ya taa, kisha kwa machozi, ingawa hayo sikuyakusudia.

Mama akaja na panga lake, akasimama, akatazama gari, akanitazama mimi.

"Wewe," akasema, "umezaliwa wapi?"

Niliendelea kusugua.

"Nakuuliza umezaliwa wapi. Ulaya?"

Akaanza kucheka. Alicheka akaketi chini, akafuta macho kwa khanga, akatazama mlango wa gari akaanza upya. Mdogo wangu aliposikia akaja mbio, akaona, na yeye hakucheka. Alisema tu, "Kaka, keshokutwa ni Jumamosi," na sauti yake ilikuwa ndogo, ya zamani, ya alipokuwa ananiomba nimshike mkono tukivuka mfereji. Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Sikuwa nimemficha fundi gari. Nilikuwa nimemnyang'anya mdogo wangu harusi yake.

Ijumaa alfajiri nililipeleka karakana. Watu njiani walisimama kutazama, na kwa mara ya kwanza sikutaka watazame.

Fundi alilizunguka mara mbili. Akalala chini akatazama chini ya mlango. Akapitisha ukucha kwenye michirizi. Nilingoja anicheke, nilikuwa nimeandaa jibu. Hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa mtoto aliyeungua.

"Nani amefanya hivi?"

Mungu anisamehe, nilifikiria kumsingizia mama. "Mimi."

Akaingia ndani ya karakana. Halafu akaleta kopo la dawa nyeupe ya kusugulia na matambara mawili, moja akanirushia. "Wewe kushoto, mimi kulia. Kwa duara. Usikandamize, utafika kwenye bati."

Tulisugua kutwa nzima. Kila nikiinua macho niliona upande wake unang'aa, na wangu una mawimbi. Hata pale, kwenye uchafu wangu mwenyewe, nilimwonea wivu: gari liliitikia mkono wake haraka zaidi. Alasiri michirizi ilikuwa imebaki kivuli tu, ukijua pa kutazama utaiona, na mimi nilijua. Kisha akafungua boneti, akachukua ule mpira wake, akataka kuuweka sikioni, akasita. Akaniletea mimi.

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Mwanzoni upepo tu, kama ukiweka sikio mlangoni usiku wa baridi. Akahamisha ncha kwenye kabureta ya pili, na upepo ukawa mwembamba, una mluzi ndani yake. Nikasema, "Hii inapiga mluzi." Akageuza skrubu. "Bado," nikasema. Akageuza tena, na upepo ukawa ule wa kwanza, sawasawa, na gari zima likatulia chini ya viganja vyangu.

Mdogo wangu akafika wakati huohuo kwa baiskeli, jasho linamtoka, moja kwa moja kwa fundi. "Ndugu yangu, kesho utaniendeshea?"

Fundi akawa anafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Aliutazama usukani. Nililiona jicho lake likiutazama, na nilijua anachotaka, kwa sababu ndicho nilichotaka mimi.

"Mwenye gari ndiye aendeshe," akasema. "Mimi nitakuja kanisani na mama yangu, kama wageni wengine." Kisha akanigeukia. "Lakini, bwana karani, gari hili lina gia nne. Ya tatu na ya nne kwako bado ni mpya kabisa. Zitumie."

Ingekuwa rahisi zaidi angenitukana. Ukarimu wake ulininyima usingizi mpaka asubuhi.

Jumamosi nilifika Ngaramtoni nimevaa suti, mapema mno, kwa sababu nilikuwa nimeondoka mapema mno. Wazazi wa bibi harusi wakambariki, shangazi zake wakamwimbia, akaketi kando yangu na shela lake limejaa kiti chote. Tukaondoka. Kwa upole. Nilikuwa nasikiliza kabureta.

Baada ya maili moja akasema, "Shemeji, gari lina ugonjwa?"

"Hata kidogo."

"Mbona yule baba wa baiskeli ametupita?"

"Yeye anateremka."

"Na sisi tunapanda?"

Nilikwepa jiwe. Mbele kidogo akageuka tena. "Shemeji. Yule baba alisimama kununua mahindi ya kuchoma. Amechagua, ametiliwa chumvi, amekula, na sasa ametupita tena."

"Barabara ina mawe. Rangi itaguswa."

"Rangi." Akakunja mikono juu ya mapaja. "Mimi nimemngoja mdogo wako miaka miwili, anamaliza kozi, anapangiwa shule, anahamishwa. Sasa hivi amesimama kanisani na shati linamkaba, anafikiri nimebadili nia. Kama unaliogopa gari hili niambie, nishuke, nimwombe yule baba anipakie kwenye baiskeli."

Alikuwa hatanii. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa.

Tulipita mjini, tukavuka Themi, barabara ikafunguka. Nikatia ya tatu. Gari likaruka mbele kana kwamba mtu amelikata kamba, nami nikalisikia lile fundi alilolisikia siku zote: sauti moja, nene, isiyo na kikohozi, ikipanda. Nikatia ya nne. Shela likapaa, bibi harusi akalikamata kwa mikono miwili, akapiga kigelegele peke yake, kirefu, na mashamba ya kahawa yakapita pande zote mbili kama kitambaa kinachovutwa. Mshale wa saa ya mwendo ulifika mahali ambapo sikuwa nimewahi kuuona. Nilicheka. Mtu mzima, mwenye suti, nilicheka kama aliyepagawa. Na katikati ya kicheko nikafikiri: kwa hiyo hiki ndicho alichokuwa akikipata kila alipolijaribu. Miezi yote ile. Bila mimi.

Tukapanda mlima kwa kishindo, tukafika kanisani. Mchungaji alikuwa mlangoni ameshika saa. Mdogo wangu alikuwa na rangi ya majivu. Alipotuona akakaa kwenye ngazi, wenzake wakamnyanyua. Kwaya ikaanza. Mama alikuwa mstari wa mbele wa watu waliosimama nje, na kando yake nani? Fundi, kilemba kipya cha waridi, amemshikia mwavuli.

Fundi akaja kabla ya mtu yeyote. "Nimelisikia tangu barabara kubwa," akasema. "Ya tatu ulichelewa kidogo. Lakini ya nne!" Akatikisa kichwa, huku na huku, macho yanang'aa. Halafu, bila kufikiri, akanyoosha mkono akaweka kiganja juu ya boneti, pale kwenye joto, akakiacha hapo kama mtu anayempima mwanawe homa. Na gari, ambalo nilikuwa bado sijalizima, lilinguruma chini ya mkono wake kwa sauti ambayo, naapa, halikuitoa njia nzima.

Nikazima. Nikashuka, nikazunguka mbele, nikavuta mkono wa koti langu jipya ukafunika kiganja, nikaanza kufuta alama za vidole vyake, zote tano, kwa duara, bila kukandamiza. Nilikuwa kwenye alama ya nne niliposikia sauti ya shemeji yangu. Alikuwa bado amekaa ndani na shela lake, kanisa zima linamtazama, akingoja nimfungulie mlango.